Used to ya zamani, ya kuzoea na ya kutumika: jinsi ya kuzitumia bila kujichanganya

Kila nikianza darasa jipya, wiki ya pili haiishi kabla mtu hajaniuliza "mwalimu, hivi ni I used to go au I am used to go?" Nikimjibu huyo, wa nyuma yake ananyoosha mkono, "sasa mbona kwenye boksi la dawa wameandika is used to treat?" Nafundisha Kiingereza jioni hapa Arusha, wanafunzi wangu wengi ni watu wa utalii, wapagazi wanaotaka siku moja waongoze wageni wenyewe, wadada wa mapokezi, mafundi wa magari ya safari, na karibu wote wanakwama palepale. Kwahiyo nimeona niiandike yote sehemu moja, ukifuata hatua moja moja jioni ya leo kesho unaongea vizuri.

Na sikucheki, maana mi mwenyewe nilishaumbuka hapa. Miaka ile nahangaika na ajira niliitwa intavyuu kwenye hoteli moja, wakaniambia nijielezee, nikasema kwa kujiamini kabisa "I used to work under pressure." Yule mama aliyekaa katikati akaacha kuandika, akanitazama juu ya miwani, akasema "And now?" Nikadhani hajanisikia, nikarudia sentensi ileile kwa sauti kubwa zaidi. Kazi sikupata. Nilichotaka kusema ni nimezoea kufanya kazi kwenye presha, ila nilichosema ni zamani nilikuwa nafanya kazi kwenye presha, yaani siku hizi siwezi tena. Nilikuja kuelewa miezi mingi baadae nikiwa kwenye daladala, nikacheka peke yangu mpaka konda akaniuliza kama niko sawa.

Kabla hujaanza uwe na hivi

- Daftari na kalamu. Simu inakumalizia maneno yenyewe, haitakufundisha kitu.
- Simu hiyohiyo iweke pembeni kwa ajili ya kurekodi sauti, tutaihitaji hatua ya nane.
- Ujue am, is, are, was na were zinakaa na nani. Kama hapo bado, rudi kwanza, hii itakusubiri.
- Ujue kuweka -ing kwenye kitenzi: go inakuwa going, wake inadondosha e inakuwa waking, run inaongeza n inakuwa running.
- Sentensi tatu za maisha yako, kwa Kiswahili: moja ya kitu ulichokuwa unafanya zamani ukaacha, moja ya kitu ulichokizoea, moja ya kifaa kinachotumika kufanyia kazi fulani.

Hizo sentensi tatu ziandike sasa hivi kabla hujasogea chini, we ziandike tu. Za kwangu hizi:

Zamani nilikuwa nakaa Tanga.
Nimezoea kuamka saa kumi na moja.
Mwiko unatumika kusongea ugali.

Zitazame vizuri. Kwa Kiswahili hazifanani hata kidogo, mtoto wa miaka minne hawezi kuzichanganya. Ila zikivuka kwenda Kiingereza zote tatu zinavaa shati moja, used to, na fujo yote inaanzia hapo.

Hatua zenyewe

1. Anza na Kiswahili, Kiingereza kisubiri. Kabla hujafungua mdomo jiulize, hapa nasema zamani, nasema kuzoea, au nasema kutumika? Pembeni ya kila sentensi yako andika Z kubwa kwa zamani, K kwa kuzoea, T kwa kutumika. Mtu anayeruka hii hatua ndo yule anayekuja kuniuliza tena baada ya mwezi.

Angalizo hapa, maana Kiswahili nacho kina mitego yake miwili. Wa kwanza ni "nilikuwa na-". Ukisema "nilikuwa naoga ulivyopiga simu" sio tabia ya zamani, ni kitu kilichokuwa kinaendelea dakika ileile, na Kiingereza chake ni "I was having a shower when you called". Lakini "nilikuwa naoga mtoni enzi za utoto" hiyo ni used to. Ukitaka kujua ni ipi chomeka "enzi zile" kwenye sentensi yako, kama inakubali bila kulalamika basi ni Z.

Mtego wa pili ni "nilizoea kwenda". Mzee akikwambia "nilizoea kwenda pale kila Jumapili", anaongelea kitu alichokuwa anafanya akaacha, hiyo ni Z japo neno zoea limo ndani. Usilifuate neno kama kipofu, fuata maana. Huyo mzee kwa Kiingereza ni "I used to go there every Sunday."

2. Sentensi ya Z: used to, halafu kitenzi kitupu. Kitupu maana yake hakuna -ing, hakuna -ed, hakuna s. Na kabla ya used usiweke am wala was wala chochote.

I used to live in Tanga.
She used to sell mandazi near the school.
We used to walk to church.

Haibadiliki kwa mtu yeyote, I, she, they, wote ni used to. Kwa Kiingereza hii ni zawadi, ipokee.

Ukitaka kusema "hapa palikuwa na kitu fulani" tumia there used to be. "There used to be a bus stand here", hapa palikuwa na stendi zamani. Nyie mnaotembeza wageni hii mtaitumia mpaka mchoke, kwasababu mgeni anapenda kujua mahali palikuwaje. "Ngorongoro used to be part of Serengeti National Park." "The Maasai used to graze their cattle in Serengeti." Mgeni akitokea Kinshasa mnaweza mkapiga stori za "Your country used to be called Zaire."

Sasa sikiliza vizuri hapa, kosa hili hata wenye digrii wanalifanya. Used to haipendi kuhesabiwa. Ukitaja ni miaka mingapi au mara ngapi jumla, iache, tumia past ya kawaida. Usiseme "I used to live in Tanga for six years". Sema "I lived in Tanga for six years". Usiseme "I used to go to Moshi three times last month", sema "I went". Na ukiwa na tarehe za kuanza na kuisha fanya hivyohivyo: "From 1971 to 1997 the country was called Zaire." "Until 1959 Ngorongoro was part of Serengeti National Park." Yaani used to ni ya "enzi zile" bila mahesabu.

3. Kukataa na kuuliza kwa Z. Ikija did au didn't, ile d ya used inaondoka, kwasababu did imeshabeba zamani yote.

I didn't use to drink coffee.
Did you use to play football?

Ukiona kuandika "didn't use to" kunakuchanganya kuna njia ya mkato na ni Kiingereza kizuri tu: never. "I never used to drink coffee." Hapo d inabaki na hakuna wa kukusumbua. Mi kwenye kuongea naitumia hii zaidi.

4. Sentensi ya K: am, is, are au was, were, halafu used to, halafu jina au -ing. Hii ndo ile iliyoninyima kazi.

I'm used to the heat.
I'm used to working under pressure.
She's used to tourists.
They were used to the noise.

Umeona working, sio work. Wanafunzi wananiuliza mbona baada ya to kuna -ing wakati shuleni tuliambiwa to inafuatwa na kitenzi kitupu. Jibu fupi ni kwamba hii to sio ile. Hii ni to ya "kwenye" au "na" kitu fulani, kama go to school, inataka jina mbele yake, na kitenzi kikivaa -ing kinageuka kuwa kama jina. Kwa Kiswahili na sisi tunafanya hivyohivyo, tunasema nimezoea ku-amka, kuamka ni jina. Theory imeisha, tuendelee.

Sentensi yangu ya pili basi inakuwa "I'm used to waking up at five." Five, jamani, sio eleven. Nimeshaona mtu kapatia grama yote kaharibu kwenye saa, kamwambia mgeni breakfast ni saa moja akatamka one o'clock, mgeni akalala mpaka mchana.

Na usidanganywe na am. "Nimezoea" ya Kiswahili ina -me- kwahiyo wengine wanaandika "I have used to wake up early". Hapana. Nimezoea ni I am used to. Andika mara kumi kama unaandika adhabu.

5. Kama mazoea bado yanakuja au yalikuja taratibu, toa am weka get. Utazoea ni "you'll get used to it", na hii sentensi nzima ikariri kama ilivyo, maana utaitumia kila siku kwa wageni wapya, kwa kazi mpya, kwa bosi mpya.

I'm getting used to the new system. Naanza kuizoea.
I got used to the cold after a month. Nilikuja kuzoea baridi baada ya mwezi.
I can't get used to eating so late. Nashindwa kuzoea kula usiku hivyo.

Mbele ya to sheria ni ileile, jina au -ing. Mpagazi mmoja alinisimulia anavyowatia moyo wageni wake Kilimanjaro, kila wakisimama kuhema anawaambia "slowly, slowly, your body is getting used to the altitude". Nikamwambia we hapo huhitaji darasa langu.

6. Sentensi ya T: is au are, used to, kitenzi kitupu. Hapa mwenye sentensi ni kitu, sio mtu.

A wooden spoon is used to stir ugali.
This medicine is used to treat malaria.
These ropes are used to tie the luggage.

Wengi wanashtuka, "mbona hapa kuna is lakini kitenzi ni kitupu?" Kwasababu kitu hakizoei. Mwiko haujazoea kusonga, mwiko unatumika. Ukiona mwanzo wa sentensi ni kifaa au dawa au mashine, wazo la kwanza liwe T. Ukibaki na wasiwasi weka for na -ing, "is used for stirring", hiyo haiwezi kukuchanganya na nyingine.

7. Jipime kwa it. Hiki ndo kipimo changu cha haraka, kinafanya kazi hata katikati ya maongezi. Baada ya used to weka it, uishie hapo. "I'm used to it." Imekamilika, inaeleweka, basi ni K, na kitenzi chako kitataka -ing. "I used to it." Imekatika, mtu anakusubiri umalizie, basi ni Z na kinataka kitenzi kitupu. Fanya hivi kwenye zile sentensi zako za Z na K za daftarini sasa hivi, kwa sauti; ya T iache, hiki kipimo sio chake.

8. Sasa mdomo. Watu wanaandika vizuri wakija kutamka wanasema "yuzed tuu", kila herufi inatajwa. Ya zamani na ya kuzoea zote zinatamkwa kama yustu, s kali, d imemezwa kabisa, o ya mwisho inafifia. Ila ile ya kutumika ina z ndani, yuzd tu. Kwahiyo "I used a knife" ni yuzd, "I used to cook" ni yustu. Chukua simu, rekodi sentensi zako tatu, sikiliza, rekodi tena. Usione aibu, kila mtu anaichukia sauti yake.

Na kwasababu ile d haisikiki, ndo maana ukiwasikiliza Waingereza hutajua kama wamesema use to au used to. Sikio halitakusaidia kuandika, hapo tegemea hatua ya 2 na ya 3.

Kosa moja ninalolipa aya yake

"I use to wake up early every day." Hili ni letu, Tanzania, Kenya, Uganda, popote nilipokaa na mtu anayefikiri kwa Kiswahili nimelisikia. Mtu anataka kusema "huwa naamka mapema" anachukua used to, anatoa d ili iwe ya sasa. Zamani sana hiyo kitu ilikuwepo kwenye Kiingereza, ila ilishakufa, kilichobaki ni ya wakati uliopita tu. "Huwa" yetu Kiingereza chake ni usually. "I usually wake up early." Au acha tu kitenzi chenyewe, "I wake up early", inatosha.

Fundi mmoja darasani kwangu alimtumia mchumba wake meseji ya Kiingereza apate kumfurahisha. Alitaka kusema huwa nakuwaza kila usiku. Akaandika I use to, simu ikaona anakosea ikamuongezea d kwa hisani yake yenyewe, ikaenda hivi: "I used to think about you every night." Akajibiwa kwa Kiswahili kifupi tu, "Siku hizi unamuwaza nani?" Alikuja darasani siku hiyo kanuna, meseji kaionyesha darasa zima, tangu siku hiyo hakuna hata mmoja pale anayesahau usually.

Ukikwama

*Naona watu wameandika "didn't used to" mtandaoni.* Utaiona sana, hata kwa wenye lugha yao. Kwenye mtihani na barua ya kazi wewe andika didn't use to, hakuna atakayekukata maksi.

*Nimeandika "I was used to live in Mwanza", wamenikata.* Umechanganya Z na K. Kama ulikuwa unakaa Mwanza, toa was: "I used to live in Mwanza." Kama ulikuwa umeshazoea maisha ya kule, bakiza was, weka -ing: "I was used to living in Mwanza." Zote ni sahihi ila ni stori mbili.

*Kuna mtu kasema "every Friday we would eat pilau", hiyo would imetoka wapi?* Ni ndugu yake used to ya zamani, inatumika kwa vitendo vilivyojirudia. Haitumiki kwa hali, kwahiyo usiseme "I would live in Tanga" ukimaanisha ulikuwa unakaa. Kama huna uhakika baki na used to, inafaa kote.

*Kuna sehemu nimesoma "used to be used".* Sio makosa ya uchapaji. Ni Z na T zimepanda daladala moja: zamani ilikuwa inatumika. "The East African shilling used to be used in Kenya, Uganda and Tanzania", kabla kila nchi haijatoa pesa yake mwaka 1966. Na ukiisoma kwa sauti ya kwanza ni yustu ya pili ni yuzd, jaribu.

*Nikiongea haraka nasahau yote.* Kariri tatu tu za kubeba mfukoni: I used to live in Tanga, I'm used to it, it is used to cut. Ukikwama katikati ya maongezi vuta inayofanana na unachotaka, badilisha maneno ya pembeni.

Jaribu hizi, majibu yako chini, usichungulie

a) Baba yangu alikuwa anavuta sigara.
b) Wageni hawajazoea pilipili.
c) Huwa nakunywa chai bila sukari.
d) Kamba hii inatumika kufungia hema.
e) Ulikuwa unakaa hapa?
f) Zamani nilikuwa sijazoea baridi.

Majibu: a) My father used to smoke. b) The guests aren't used to chilli. c) I usually drink tea without sugar. d) This rope is used to tie the tent. e) Did you use to live here? Kwa f, darasa zima huwa linaniandikia "I didn't use to be used to the cold", wakijua nitawakata, na siwakati, kwa grama iko sawa kabisa. Ila mtu wa kawaida hawezi kujitesa hivyo, atasema "I wasn't used to the cold back then" aendelee na safari yake.